Anza na Zile Usizozipenda

Ukiwa shabiki wa bendi zinazorekodi chumbani na filamu zilizochekwa na wahakiki, kuna mzigo unaoubeba bila kuambiwa: ulichonacho mara nyingi hakina mlinzi mwingine. Albamu iliyouza mamilioni haipotei hata nakala yako ikiungua. Lakini kanda iliyotoka nakala hamsini, jalada lake likapigwa fotokopi na kukatwa kwa mkasi, ikifa kwako yawezekana imekufa kabisa. Niliishi na mzigo huo miaka mingi bila kuuwazia. Nilichokuwa nawaza ni kupata kanda nyingine.

Kuhama ndiko kulikonigeuza. Nilitoka kwenye nyumba yenye chumba cha ziada nikaingia penye ukuta mmoja tu usio na dirisha wala mlango. Ukiwa na santuri, jua kwamba mia moja na majalada yake hukaribia kilo 25, na lazima zisimame wima. Zikilazwa moja juu ya nyingine zinapinda. Wabebaji waliinua katoni ya kwanza wakanitazama kama mtu aliyewaficha jambo. Ongeza kaseti, mikanda ya video, CD, DVD, na vijarida vya mashabiki ambavyo sikuwahi hata kuvihesabu. Havikuenea. Hapo ndipo nilipoamua: kisichopatikana penginepo nitakitengenezea nakala ya kidijitali, kinachopatikana nitakigawa, na nitabakiza kile tu ambacho kukishika kuna maana kwangu.

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa mmoja: tupa, kila kitu kipo mtandaoni. Jibu langu lilikuwa MySpace, mtandao wa kijamii ambako bendi ziliweka nyimbo zao. Machi 2019 kampuni hiyo ilikiri kwamba katika kuhamisha seva ilipoteza mafaili yaliyowekwa kabla ya mwaka 2015. Makadirio yaliyotajwa ni zaidi ya nyimbo milioni 50 za wasanii wapatao milioni 14. Kwa bendi nyingi ndogo za miaka ile, pale ndipo palikuwa kwao. Walirekodi, wakapandisha, kompyuta ikafa, basi. Mwezi uliofuata Internet Archive, maktaba ya kidijitali ya mtandaoni, waliweka hadharani nyimbo kama 490,000 zilizookoka kwa bahati tu, kwa kuwa watafiti fulani walizipakua zamani kwa shughuli zao. Hiyo haifiki asilimia moja ya kilichopotea. Filamu nazo zina namna yake ya kupotea zikiwa zipo: mkataba unaisha, filamu inaondoka kwenye jukwaa, na inaporudi nyimbo mbili za ndani zimebadilishwa kwa sababu haki zake hazikulipiwa upya. Jina ni lile lile, bango ni lile lile, ila tukio ulilolipenda sasa lina muziki wa lifti.

Basi nikakaa sakafuni na makatoni. Sehemu hii nitaieleza polepole, maana ndiyo iliyoamua mengine yote.

Mkono wa mtu katika kazi hii huenda wenyewe kwenye albamu ya moyoni. Unataka kuanza na ile santuri uliyoisikiliza ulipoachwa, au filamu unayoweza kuisema mstari kwa mstari. Lakini ulichokipenda sana wewe, wengine nao walikipenda, na ndiyo maana kimechapishwa upya, kikasafishwa, kikauzwa tena. Nilipopekua lundo langu la vipenzi, karibu vyote vilikuwa vinauzwa mahali fulani katika hali bora kuliko nilivyokuwa navyo. Vitu ambavyo havikuwa na pa kwenda vilikuwa vile nilivyowahi kuvisikiliza mara moja na kuviweka: onyesho la bendi ya ufunguzi ambayo jina lake liliandikwa kwa kalamu ikafutika nusu, filamu ya kutisha ya kujitengenezea yenye taa mbovu na waigizaji wanaocheka, mkusanyiko wa nyimbo aliokuwa akitumiana mtu na rafiki zake. Huzipendi. Wala si lazima uzipende. Anza nazo.

Kujua kipi kipo na kipi hakipo kunataka subira, si ujuzi. Kwa muziki nilitumia Discogs, orodha ya matoleo iliyoanzishwa mwaka 2000 na inayojazwa na mashabiki wenyewe. Usitafute kwa jina la albamu peke yake. Inamisha santuri kwenye mwanga, tazama ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo ya katikati, utaona herufi na namba zilizochongwa. Hizo ndizo zinazotofautisha toleo na toleo, na mara nyingine ndizo zinazokuambia kwamba santuri unayodhani ni ya kawaida ni mchapo wa kwanza, au kwamba ile uliyoinunua kwa bei ya mchapo wa kwanza si yenyewe. Kitu kisipoonekana hata kwenye orodha hiyo, nilikibandika karatasi nyekundu. Swali la pili lilikuwa hali yake: inanuka, ina madoa, inanata, inatoa unga? Nyekundu mbili. Chenye nyekundu mbili kilipita mbele ya vyote, hata kama ni kelele tupu ya gitaa.

Kaseti nilizifanya kwanza. Kifaa cha kuzichezea si lazima kiwe cha kifahari, ila kiwe kimefanyiwa matengenezo. Mikanda yake ya mpira ikiwa imelegea, kila wimbo utayumba na utaishia kumlaumu mpiga ngoma. Hedi, kile kipande kinachosoma utepe, isafishe kwa pamba na alkoholi ya isopropili isiyopungua asilimia 90, kila baada ya kanda chache, na kila mara kama kanda inaacha unga wa kahawia. Kigurudumu cha mpira usikiogeshe kwa alkoholi hiyo, kinakauka na kuwa kigumu. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha. Na kama unazo zile santuri za zamani za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, alkoholi usiisogeze kabisa, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa sheleki, aina ya utomvu, na alkoholi huiyeyusha.

Kanda iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya bendi ambayo nadhani haikudumu. Ilicheza, lakini sauti ilikuwa inatoka kwa mbali, inakuja na kwenda. Nilipoangalia kwa tochi kwenye uwazi wa mbele, kile kipande cha sufi kinachousukuma utepe uguse hedi kilikuwa kimebanduka. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kimegundishwa kwenye bapa jembamba la chuma. Gundi huzeeka. Kasha lilikuwa la kuunganishwa kwa joto, halina skrubu, kwa hiyo nililipasua taratibu kwa kisu chembamba kuzunguka mshono, nikazitoa roli mbili zikiwa zimelala bapa mezani, nikazihamishia kwenye kasha la kanda tupu lenye skrubu tano. Utepe ukijikunja hapo, usiuvute. Geuza roli kwa penseli mpaka ujinyooshe. Kazi yote haikuzidi muda wa kuchemsha chai, lakini mikono yangu ilikuwa na jasho kuliko siku ya mtihani wowote.

Baada ya hapo sauti ikarudi, ila bado ilikuwa imefunikwa, matoazi hayang'ari. Hilo ni tatizo lingine: kanda ilirekodiwa kwenye mashine ambayo hedi yake ilikaa pembe tofauti kidogo na ya mashine yangu. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo ya kurekebisha pembe hiyo. Weka alama ilipo kwanza. Kisha unganisha chaneli mbili ziwe moja, vaa hedifoni, geuza skrubu kidogo sana huku kanda ikiimba. Kuna mahali ghafla matoazi yanajitokeza, pazia linaondoka. Simama hapo. Ni marekebisho ambayo hakuna programu inayoweza kukufanyia vizuri baadaye, na watu wengi huyaruka wakahifadhi mamia ya saa za muziki uliofunikwa blanketi.

Kurekodi kwenyewe ni rahisi. Kwa ubora wa sauti nilitumia biti 24 na kilohezi 48. Kanda ya dakika 90 inakula kama gigabaiti moja na nusu kabla ya kubanwa, na ukiibana kwa FLAC, aina ya faili la sauti, inapungua sana bila kupoteza chochote. Acha nafasi ya desibeli sita hivi juu ya kilele cha sauti. Usifute mlio wa utepe kwenye nakala mama. Programu za kuondoa kelele huahidi makubwa, kisha zinaondoka na pumzi ya mwimbaji. Safisha nakala ya kusikiliza ukitaka, mama iache na uchafu wake.

Ambalo sikuambiwa na mtu ni kwamba dakika 90 ni dakika 90. Hakuna njia ya mkato. Na kwa kipindi kirefu niliacha kufurahia muziki. Nilikuwa nasikiliza kasoro: utepe umeruka, chaneli ya kushoto imeshuka, hapa pana mlio. Nikienda kwenye onyesho la bendi, sikio lilikuwa linatafuta kosa. Mtu ninayeishi naye alisema nyumba imekuwa karakana, na hakuwa anatania. Nusura niache. Kilichosaidia si kupumzika, maana nilipumzika na hamu haikurudi. Kilichosaidia ni kutenganisha vitu: kazi ya kanda ikawa na saa zake na meza yake, na usiku mmoja wa wiki nikawa nacheza albamu nzima, taa zimepunguzwa, simu chumba kingine, bila kuandika lolote. Kama unapanga kuianza kazi hii, panga na usiku huo tangu mwanzo.

Kwenye video mambo yalikuwa ghali zaidi. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Maana yake ni kwamba deki yoyote utakayonunua imeshatumika, na anayeiuza mara nyingi hajaijaribu. Nilinunua ya kwanza ikatafuna mkanda. Kwa bahati nilikuwa nimeijaribu kwa mkanda wa takataka, na huo ndio utaratibu: mkanda usio na thamani uingie kwanza, ucheze, urudishwe nyuma, usukumwe mbele, utolewe, utazamwe. Bei ya deki nzuri, kifaa cha kunasa picha na kile cha kutuliza mawimbi ya picha ilizidi bei niliyowahi kulipia mikanda yote. Kama mikanda yako ni michache, azima, au mpe fundi mwenye vifaa. Kununua kunaleta maana kwa mwenye kabati.

Tazama ukingo wa roli kupitia dirisha la mkanda kabla ya kuuingiza popote. Ukiona vidoa vyeupe vya ungaunga, hiyo ni kuvu, na itahamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenda kila mkanda unaofuata. Mikanda ya namna hiyo niliitenga kwenye mifuko yake, na niliisafisha mwisho, nje ya nyumba, nimevaa barakoa.

Filamu za aina hii zina jambo lake la kuchanganya: ni nadra kuwepo toleo moja. Kuna lililokatwa na wakaguzi wa filamu, kuna lililoingizwa sauti za lugha nyingine, kuna lililofupishwa na msambazaji ili liingie kwenye mkanda wa bei rahisi. Nilikuwa na filamu ambayo vitabu vinasema ni dakika 100, mkanda wangu ulikuwa dakika 96. Kwa miaka niliwaambia watu nina toleo lililokatwa, na nilikuwa nimeshabuni hata tukio gani huenda limeondolewa. Hakuna kilichokatwa. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini PAL, mfumo wa televisheni wa nchi nyingi, huonyesha 25, kwa hiyo wanaoihamisha huiendesha haraka kidogo, na dakika 100 zinakuwa 96. Sauti nazo hupanda, kwa kiasi kisichofika nusu toni; mwimbaji wa kwenye filamu ile kumbe alikuwa na sauti nzito kuliko nilivyomjua. Kabla ya kulipia toleo refu, chukua kikokotoo, zidisha 24 gawa kwa 25.

Mikanda niliyokaribia kuitupa ni ile iliyorekodiwa kutoka kwenye televisheni, ikiwa na matangazo katikati. Nashukuru sikuitupa. Historia ya filamu na televisheni imejaa vitu vilivyookolewa na watu wasio na ruhusa wala mpango. Mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala za filamu ya Nosferatu ya 1922 ziharibiwe baada ya mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, kushtaki kwamba hadithi hiyo ilichukuliwa bila ruhusa. Ipo leo kwa sababu nakala zilikuwa zimeshatawanyika. BBC ilifuta mikanda mingi ya vipindi vya Doctor Who, mfululizo wake wa televisheni, vya miaka ya 1960, na bado sauti ya vipindi vyote vilivyopotea inapatikana, kwa kuwa watazamaji walikuwa nyumbani na vinasa sauti vyao. Kwa hiyo matangazo nayo niliyahifadhi. Unapohifadhi video, ambayo picha yake hujengwa kwa mistari, iache na mistari yake ya awali, usikubali programu iichanganye mistari hiyo au kuitanua ijaze kioo kipana. Saa moja kwa DV, mfumo wa video ya kidijitali, huchukua gigabaiti 13 hivi, kwa hiyo piga hesabu ya diski kabla hujaanza, si katikati.

Kilichonishangaza ni CD. Kanda za zaidi ya miaka thelathini zilicheza, lakini CD nyingi zilizochomwa nyumbani, zile ambazo bendi zilikuwa zinauza baada ya onyesho zikiwa zimeandikwa kwa kalamu ya wino, zilikataa kusomeka. Diski za kuchoma hutegemea tabaka la rangi linaloathiriwa na mwanga na joto, na lebo za kubandika zinaongeza balaa. Kama nawe unazo, acha kusoma hapa, nenda ukazinakili, kisha urudi. Jaribu kwenye visomaji tofauti. Diski iliyokataliwa na kompyuta yangu mpya ilisomwa na ya zamani iliyokuwa stoo, polepole, lakini ikasoma.

Faili bila maelezo ni nusu ya kazi. Nilipiga picha kila jalada, mbele, nyuma na ndani, pamoja na vikaratasi vya mwaliko vilivyokuwa vimekunjwa humo. Majina ya wapigaji, mahali pa kurekodia, shukrani kwa mama wa mpiga besi: vyote niliviandika kwenye faili la maandishi ya kawaida, lisilohitaji programu maalumu kufunguka. Kisha nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Nakala mbili kwenye droo moja ni nakala moja kwa mwizi na kwa moto.

Kwa muziki mpya nimebadili ununuzi. Nikinunua Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni ambako msanii anakatwa asilimia 15 kwenye muziki wa kidijitali pamoja na gharama za malipo, ninapakua faili siku hiyo hiyo. Kuona albamu kwenye akaunti yangu hakunipi usingizi tena.

Filamu nazo nimezitoa kabatini kwa namna nyingine. Nyingi ya hizi haziwezi kutazamwa peke yako. Mtu mmoja mbele ya filamu mbovu ni mtu mwenye huzuni, watu sita ni sherehe. The Rocky Horror Picture Show ilianguka ilipotoka 1975, na ni wale waliojaa kwenye maonyesho ya usiku wa manane New York kuanzia mwaka uliofuata, wakijibizana na kioo, walioifanya idumu. Kwa hiyo naalika marafiki wachache sebuleni. Usiwahutubie kabla haijaanza. Waambie jina na mwaka tu, na kama kuna tukio la kutisha au la ukatili linaloweza kumuumiza mtu, liseme mapema. Rafiki mmoja alitoka nje katikati ya filamu niliyoiona ya kuchekesha, na nilihitaji muda kuelewa kwamba kosa halikuwa lake.

Mwishowe niliwatafuta wenye kanda. Hawa si watu wa kampuni kubwa. Ukiwa na jina la mpiga ngoma na subira, unaweza kumpata. Andika kwa ufupi, sema una nini, mpe faili kwanza, kisha ndipo uulize kama anaridhia isikike hadharani. Wengine hawakujibu. Mmoja alijibu kwa hasira, akaniuliza nani kanituma kufukua mambo ya utoto wake, na hiyo ni haki yake. Yule wa kanda iliyobanduka sufi alijibu baada ya wiki nyingi. Hakuwa na nakala yoyote, na alisahihisha majina mawili ya nyimbo niliyoyasoma vibaya kwenye jalada. Aliruhusu nyimbo zote isipokuwa ya tatu, iliyoandikwa kuhusu mtu aliye hai ambaye wameshapatana. Kwa hiyo ya tatu haipo mtandaoni, na ukiniomba sikupi.